Kidonda cha ulimi kilitibiwa miezi minne bila kupimwa. Daktari wetu alipaswa kuona nini?

SWALI: Daktari, baba yangu ana miaka 61. Mwaka huu alipata kidonda ubavuni mwa ulimi. Daktari wetu wa familia, ambaye amemtibu presha kwa miaka mingi na tunamheshimu, alimpa dawa ya kusukutua, baadaye antibayotiki, baadaye dawa ya fangasi, mwisho vitamini. Miezi minne ikapita. Baba alipokwenda kwa daktari wa meno kung'oa jino, yule alikiona kidonda, akakibonyeza kwa kidole na kumwandikia rufaa siku hiyohiyo. Majibu ya kinyama kilichokatwa kwenye kidonda na kupimwa yamerudi: ni saratani. Baba aliacha sigara zamani. Je, daktari wetu alizembea? Au madaktari wa kawaida hawafundishwi saratani ya kinywa? Na kulikuwa na dalili gani ambayo angeweza kuiona mapema?

JIBU: Dada, pole sana, na mfikishie mzee pole zangu. Umeuliza mambo matatu kwa pamoja. Nitaanza na la mwisho, kwa sababu huenda kuna mtu anasoma hapa akiwa na kidonda kinywani sasa hivi.

Ndiyo, kulikuwa na kitu cha kuona, na hakikuhitaji mashine yoyote. Kidonda cha kinywani kisicho na sababu inayoeleweka, kikivuka wiki tatu bila kufunga, kinatakiwa kupelekwa kwa mtu atakayekata kinyama kipimwe. Daktari wa familia halazimiki kutambua kwamba hii ni saratani. Hata sisi tunaofanya kazi hii kila siku hatuwezi kulithibitisha kwa macho, tunasubiri majibu ya patholojia, yaani ya maabara inayotazama kinyama kwa hadubini. Anachotakiwa yeye ni kuangalia, kuandika alichokiona, na kujua kidonda kina wiki ngapi.

Muda huo una msingi wake. Ngozi laini ya ndani ya kinywa hujijenga upya haraka kuliko ngozi ya nje. Vile vidonda vidogo vyenye maumivu makali, ambavyo watu wengi wamewahi kuvipata, hufunga kwa kawaida ndani ya siku 10 hadi 14. Kidonda kilicholetwa na jino lenye ncha au meno bandia yanayosugua huanza kupona mara kisababishi kikiondolewa, na baada ya wiki mbili hivi kinakuwa kimekwisha au kimepungua waziwazi. Kinachobaki baada ya hapo kinadai maelezo. Mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza, uliotolewa mwaka 2015, unamtaka daktari wa familia afikirie rufaa ya haraka ya saratani kwa mtu mwenye kidonda cha kinywani kisichoelezeka kilichozidi wiki tatu, au uvimbe wa shingoni usioelezeka ambao hauondoki. Wapo wanaotumia wiki mbili badala ya tatu, nami sina ubishi nao. Lakini miezi minne ni mingi kwa kipimo chochote.

Sasa tazama yaliyompata baba. Kila alipopewa dawa mpya, hesabu ya muda ilianza upya. Dawa ya kusukutua ilihitaji wiki moja, antibayotiki wiki nyingine, dawa ya fangasi wiki mbili, kisha vitamini ambazo hazina kikomo. Kila dawa ikiwa peke yake ingeweza kutetewa. Zikiwekwa pamoja, zimekula miezi minne. Na hapa kuna mtego ambao nimeona wenzangu wazuri wakinaswa nao: kidonda cha saratani huvamiwa na bakteria wa kinywani, kwa hiyo ukimpa mgonjwa dawa ya kusukutua au antibayotiki, uchafu wa juu unasafika na maumivu yanapungua. Mgonjwa anarudi akisema anajisikia nafuu. Daktari anafurahi naye, anaandika dawa nyingine, na hakuna anayeomba kinywa kifunguliwe ili atazame kama kidonda chenyewe kimepungua hata milimita moja.

Ndiyo maana nikifundisha madaktari vijana sisisitizi sana picha za saratani kwenye vitabu. Nasisitiza tarehe ya kurudi. Mpe dawa ukitaka, ondoa ncha ya jino, mwambie aache meno bandia kwa siku kadhaa, lakini kabla hajatoka chumbani andika ukubwa wa kidonda, mahali kilipo na siku atakayorudi, hata kama maumivu yameisha. Akirudi na kidonda bado kipo, hakuna dawa ya tatu. Kuna rufaa.

Kuhusu mafunzo. Katika vyuo vingi vya udaktari kinywa hupewa muda mchache sana. Mwanafunzi anajifunza kutazama koo na mafindofindo, anapita juu ya ulimi kwa kijiti akielekea nyuma, na mengine yote anaachiwa daktari wa meno. Tafiti zilizowalinganisha madaktari wa kawaida na wa meno katika nchi mbalimbali zimeonyesha mara kwa mara kwamba wale wa kawaida huchunguza ngozi ya kinywa mara chache zaidi na hawajiamini kama wa meno. Karibu wote wanajua kwamba tumbaku ni hatari. Pombe wengi huisahau, na baka jekundu wengi hawajui kwamba linatisha kuliko jeupe.

Pia uzoefu ni mdogo. Duniani kote mwaka 2022 palikadiriwa wagonjwa wapya 389,846 wa saratani ya midomo na kinywa, na vifo 188,438. Ni watu wengi mno, lakini ukiwagawa kwa vyumba vya madaktari wote, daktari mmoja wa familia anaweza kufanya kazi miaka mingi akakutana na wachache wa kuhesabika kwa vidole, huku vidonda vya kawaida akiviona kila mara. Akili yake inakimbilia kwenye kile anachokijua. Nalieleza hili ili ulielewe, sisemi kwamba linamwondolea wajibu.

Wajibu huo ni mkubwa kuliko unavyodhaniwa, kwa sababu watu walio hatarini zaidi ndio hasa wanaokaa mbele ya daktari wa familia. Mtu wa miaka 60 mwenye presha au kisukari, anayevuta au aliyewahi kuvuta, anayekunywa pombe, anaonana na daktari wake mara kadhaa kwa mwaka. Kwa daktari wa meno anakwenda jino likimuuma tu. Na aliyebaki bila jino hata moja huona hana la kufanya kule kabisa. Baba yako alikuwa na bahati kwamba lilikuwepo jino la kung'oa. Nafasi ya kugundua mapema haipaswi kutegemea jino bovu.

Uchunguzi wenyewe ni wa dakika chache. Unahitaji mwanga mzuri, glavu, kijiti cha kukandamizia ulimi na kipande cha shashi. Meno bandia yanatolewa kwanza; asiyeyatoa anaacha sehemu ya kinywa imefichwa. Unatazama midomo kwa nje na kwa ndani, mashavu yote mawili hadi nyuma ya magego, ufizi, na kaakaa. Kisha ulimi. Kumwambia mtu atoe ulimi nje hakutoshi hata kidogo, maana unaona mgongo wake tu, na saratani ni nadra kuanzia pale. Shika ncha ya ulimi kwa shashi, uvute taratibu kulia, sogeza shavu, utazame ubavu wa kushoto mpaka nyuma kabisa unapokutana na koo. Kisha upande wa pili. Halafu mgonjwa anainua ulimi kugusa kaakaa ili uone chini yake. Ubavu wa ulimi na pale chini ya ulimi ndipo saratani hupapenda. Kwa anayetafuna tumbaku au tambuu, tafuta zaidi ndani ya shavu na kwenye mfereji kati ya shavu na ufizi, mahali anapohifadhi tonge lake.

Baada ya macho ni zamu ya kidole, na hatua hii ndiyo huachwa mara nyingi zaidi. Umesema daktari wa meno alikibonyeza kidonda. Alikuwa anatafuta ugumu. Kidonda cha kawaida kina kitako laini kama mdomo wako ukiugusa. Cha saratani mara nyingi ni kigumu kama ncha ya pua, kingo zake zimeinuka, na kinaelekea kushikamana na nyama ya chini badala ya kuteleza juu yake. Sehemu ya chini ya ulimi hushikwa kwa mikono miwili, kidole kimoja ndani na vingine nje chini ya taya, ili uvimbe usijifiche katikati. Mwisho ni shingo, pande zote mbili, kutoka chini ya taya hadi mfupa wa bega. Tezi ngumu isiyouma ina maana zaidi kuliko ile laini inayouma.

Kuhusu maumivu niseme wazi, kwa sababu yamewapumbaza watu wengi: saratani ya kinywa ikiwa changa mara nyingi haiumi. Mgonjwa anasubiri iume ndipo aende hospitali, na daktari naye anatulizwa na kuambiwa kwamba hakiumi.

Kuna pia mabaka. Baka jeupe lisilofutika kwa shashi, na ambalo huna maelezo mengine juu yake, mengi yake hayageuki kuwa saratani, lakini yanahitaji kupimwa na kufuatiliwa. Utando mweupe unaofutika ni fangasi kwa kawaida. Baka jekundu lililo kama mahameli, au lenye wekundu uliochanganyika na weupe, ni habari nyingine: sehemu kubwa ya mabaka mekundu yanayokatwa kinyama hukutwa tayari yana mabadiliko ya kutisha kwenye seli, au ni saratani kabisa. Baka la aina hiyo lisisubiri wiki yoyote.

Zipo dalili ambazo hazionekani kama za kinywa. Sikio kuuma upande mmoja wakati sikio lenyewe ni zima. Jino moja kulegea ilhali fizi nyingine ziko imara. Shimo la jino lililong'olewa kukataa kufunga. Mdomo wa chini kufa ganzi. Meno bandia yaliyokuwa yakikaa vizuri kuanza kukataa. Kwa watafunaji wa popoo, kinywa kushindwa kufunguka kama zamani. Daktari anayetibu sikio lisilo na ugonjwa kwa mara ya pili, tafadhali, afungue kinywa.

Umegusia sigara. Kuacha hakukuwa bure: hatari hushuka mwaka baada ya mwaka, ila huchukua miaka mingi kukaribia ya mtu ambaye hakuvuta kamwe. Pombe nayo ni kisababishi kinachojitegemea, na ikikutana na tumbaku hatari hizo mbili huzidishana, hazijumlishwi tu. Popoo ilitambuliwa mwaka 2004 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, kuwa inasababisha saratani hata bila tumbaku ndani yake. Kirusi cha HPV kinahusika zaidi na saratani za mafindofindo na shina la ulimi. Mdomo wa chini huathirika na jua. Lakini wapo wagonjwa wasio na lolote kati ya haya, wengine vijana. Asiyevuta akija na kidonda cha wiki tano, asirudishwe nyumbani kwa sababu havuti.

Je, basi kila mtu akaguliwe kinywa kila mwaka? Hapa ushahidi unastahili kusemwa ulivyo. Utafiti mkubwa tunaoutegemea ulifanyika Trivandrum katika jimbo la Kerala, India, kuanzia mwaka 1996. Wahudumu wa afya waliofundishwa, ambao hawakuwa madaktari, walipita wakitazama vinywa vya watu kwa macho na mwanga tu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha vifo vya saratani ya kinywa vimepungua kwa asilimia 34 miongoni mwa watumiaji wa tumbaku au pombe. Kwa wasiotumia faida haikuonekana. Mwaka 2013 jopo la Marekani linaloshauri juu ya uchunguzi wa kinga lilisema ushahidi haujatosha kupendekeza, wala kukataza, madaktari wa kawaida kuwakagua watu wazima wasio na dalili.

Msimamo wangu ni huu: anayetumia tumbaku au pombe atazamwe kinywa anapokuja kwa shida yoyote, maana ni dakika chache na waliofanya kazi ile Kerala hawakuwa hata madaktari. Kwa wengine wasio na dalili sina hoja ya kumlazimisha daktari mwenye foleni ndefu. Ila mjadala huo wote haumhusu baba yako. Yeye alikuja na kidonda. Mgonjwa mwenye kidonda hachunguzwi kwa hisani. Kutazamwa ni haki yake.

Wasomaji wengine huuliza kuhusu rangi za kupaka na taa za bluu za kugundulia saratani. Jopo la chama cha madaktari wa meno cha Marekani lilizipitia mwaka 2017 na halikuzipendekeza ziamue nani apimwe na nani aachwe. Palipo na shaka, kinyama ndicho kipimo.

Na kinyama kinaogopwa bila sababu. Bado nasikia, hata kwa watu waliosoma, kwamba kisu kikigusa saratani inasambaa. Si kweli, kinachoipa nafasi ya kusambaa ni muda. Kuna mambo mengine ambayo daktari wa familia ni bora asiyafanye: kupaka dawa za steroidi mwezi baada ya mwezi bila kujua anatibu nini, kuchoma kidonda, au kukikata chote kliniki ili kumpunguzia mgonjwa safari. Kikiondolewa chote bila mpango, daktari wa upasuaji anayempokea hajui tena kilikuwa wapi wala kilienda umbali gani. Tena majibu yakisema hakuna saratani lakini kidonda kikabaki palepale, kinyama kinakatwa upya.

Woga mwingine ni wa daktari kumtisha mgonjwa. Sigmund Freud, mwenyewe daktari na mvutaji mkubwa wa biri, aliona uvimbe kinywani mwake Februari 1923, akakaa nao hadi Aprili. Daktari rafiki yake aliyeutazama alielewa kwamba ni saratani, lakini akamwambia ni utando mweupe wa wavutaji. Freud aliishi na ugonjwa huo hadi kifo chake mwaka 1939, baada ya kupasuliwa zaidi ya mara 30. Hata kati ya madaktari, basi, mmoja alichelewa kwenda na mwenzake akaogopa kusema. Daktari wa leo anaweza kusema hivi: "Kidonda hiki kimekaa kuliko inavyotakiwa. Mara nyingi si kitu kibaya, lakini siwezi kujua bila kupima, na nataka upimwe wiki hii." Mgonjwa anaweza kuyabeba maneno hayo.

Turudi kwa mzee. Kwa takwimu za Marekani zinazojumuisha kinywa na koo, zaidi ya watu 8 kati ya 10 wanaogunduliwa ugonjwa ukiwa bado mahali pamoja huwa hai baada ya miaka mitano. Ukishafika viungo vya mbali ni karibu 4 kati ya 10. Kuingia kwenye tezi za shingo peke yake hupunguza nafasi karibu kwa nusu. Miezi minne ina uzito, sitakuficha, lakini saratani hizi hazikui kwa mwendo mmoja, na hakuna anayeweza kukuambia kwa kuhesabu miezi tu baba yuko hatua gani. Waulize madaktari wake kidonda kina upana gani, kimeingia ndani milimita ngapi, na picha ya CT au MRI ya shingo inasema nini kuhusu tezi. Uliza kama shingo itafanyiwa upasuaji siku hiyohiyo na ulimi. Kama kuna uwezekano wa mionzi, meno yote mabovu yashughulikiwe kabla haijaanza, kwa sababu kung'oa jino kwenye taya iliyopigwa mionzi kunaweza kuleta kidonda cha mfupa ambacho ni kigumu mno kupona. Uliza mapema nani atamsaidia kumeza na kuzungumza baada ya upasuaji, na atakula nini wakati huo. Na akipona, kinywa chake kiendelee kutazamwa maisha yake yote, maana aliyewahi kupata saratani ya kinywa yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata nyingine.

Je, daktari wenu alizembea? Sijaliona faili, kwa hiyo siwezi kutoa hukumu. Ningelipata ningetafuta mambo matatu: kama aliandika mahali na ukubwa wa kidonda, kama alikigusa, na kama alimpa baba tarehe ya kurudi kutazamwa. Yakiwepo yote na baba ndiye hakurudi, lawama inagawanyika. Yakikosekana yote, basi huduma ilipungua kiwango, na heshima mliyo nayo kwake haibadilishi hilo. Mna haki ya kuomba nakala ya faili, na mkiona inafaa, kupeleka malalamiko kwenye baraza linalosimamia madaktari. Kwa sasa nguvu zenu ziwe kwenye miadi ya upasuaji, faili halitakimbia.

Vyovyote mtakavyoamua, mpelekee daktari wenu wa familia nakala ya majibu ya kinyama. Mweleze kidonda kilianza lini na dawa zipi zilitumika kwa mpangilio gani. Madaktari wengi wa familia humwandikia mgonjwa dawa, mgonjwa akapotelea hospitali nyingine, wasijue kamwe mwisho wake ulikuwaje. Na kama yupo ndugu mwingine nyumbani anayevuta, kutafuna au kunywa, aende pia siku hiyo, akae kwenye kiti, atoe meno bandia kama anayo, na aombe kutazamwa kinywa.